Akina Macdonald walikuwa wawili, na aliyegeuza mstari hakuwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu ya Jumapili juu ya Jenerali Hector Macdonald wa Scotland ilisomwa kwa sauti kwenye baraza letu la kahawa hapa Bagamoyo, tena mara mbili, na mabishano yake yalimfanya muuza kahawa arudi nyumbani kujaza dele upya. Walioniambia niandike walikuwa na sababu mbili. Nimefundisha gwaride kambini miaka 22, na baba wa babu yangu alikuwa ombasha. Hilo neno la pili nitalirudia huko mbele, maana vijana barazani walidhani namtaja mganga.

Kwanza kosa lenyewe. Mmeandika kwamba Macdonald alipima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, akapambana na maasi ya askari wa Kisudani kule Uganda mwaka 1897, halafu mwaka uliofuata akawa shujaa wa vita vya Omdurman kule Sudan. Mhariri, hao ni watu wawili. Aliyepima njia ya reli, mwaka 1891 na 1892, ni James Ronald Leslie Macdonald, mhandisi wa jeshi, Mskoti naye. Huyo ndiye aliyekimbiwa na Wasudani wake Eldama Ravine mwezi Septemba 1897. Walikuwa wamechoshwa na vita visivyokwisha. Mshahara ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, ukilipwa kwa vitambaa, na kwa kuchelewa. Bado wakatakiwa waanze safari nyingine ndefu na kuwaacha wake zao nyuma. Wakagoma, wakaondoka na bunduki zao, na mapigano ya ngome ya Luba pale Busoga yakamla hata ndugu wa damu wa Macdonald huyo, mwezi Desemba. Wakati mambo hayo yanatokota, Hector alikuwa Mto Nile, zaidi ya kilomita 2,000 kaskazini. Tarehe 7 Agosti 1897 brigedi yake ilikuwa inaingia Abu Hamed. Hata angepewa mbawa asingewahi kote kuwili.

Mlivyochanganya naelewa. Jina moja, ukoo wa jina moja, cheo kinakaribiana, na wote wawili waliamuru askari wa Kisudani. Lakini mmoja Wasudani walimkimbia, na mwingine walisimama naye mpaka risasi zikabaki mbili mbili. Mkiwafanya mtu mmoja, mmelifuta swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kuruta angeliuliza kwanza: kwa nini hawa walikimbia na wale wakasimama?

Sasa huyu Hector. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1853 Mulbuie, kwenye rasi wanayoiita Black Isle, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa na kishamba kidogo na alikuwa mwashi wa mawe. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kigaeli, Kiingereza kilifuata. Ujanani aliwekwa dukani Dingwall kujifunza kuuza vitambaa, kisha akahamia duka la Inverness, kazi ni kupima, kukata na kukunja sufu za mistari za kule kwao. Mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 17, akaacha futi ya kupimia akajiunga na kikosi cha 92, Gordon Highlanders, askari wa kawaida kabisa. Akakaa humo miaka tisa, mpaka usajini.

Makala yenu imeipita miaka hiyo tisa kwa sentensi moja, mkakimbilia upanga na medali. Mimi ningekaa hapo. Ofisa wa Kiingereza wa zama hizo alikuwa mtoto wa watu wenye mali. Mshahara wake haukutosha hata kulipia chakula na mvinyo wa mesi, yaani ukumbi wa maofisa, kwa hiyo alitumia fedha za baba. Sajini ni mtu mwingine. Sajini anamjua kila kuruta kwa jina, anajua nani ana malengelenge kisigino na nani hajui kulia na kushoto kwake ila umfunge kitambaa mkononi. (Msicheke, hao wapo. Mimi nilimfunga mmoja utepe mwekundu wiki tatu, na leo ni mtu mzito serikalini.) Macdonald alipopewa uofisa mwaka 1880, baada ya kupigana vizuri Afghanistan, aliingia mesi ya wenye mali akiwa na masikio ya sajini. Mwaka huohuo alikuwemo kwenye mwendo wa Jenerali Roberts kutoka Kabul hadi Kandahar, zaidi ya maili 300 kwa wiki tatu hivi, kwa miguu na kwa jua la Agosti. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Februari 1881, Makaburu wakawapiga Waingereza kilimani Majuba. Macdonald alikamatwa, na husimuliwa kwamba Jenerali Joubert mwenyewe alimrudishia upanga wake kwa heshima.

Kisha Misri. Mwaka 1888 alikabidhiwa batalioni ya 11 ya Wasudani katika jeshi la Misri, na hapo ndipo ombasha wangu anapokaribia.

Askari hao hawakuwa Waarabu wa Khartoum. Wengi walitoka kusini na kwenye milima ya Nuba: Wadinka, Washiluki, Wanuba, watu waliochukuliwa utumwani au vitani wakiwa wadogo wakaishia kwenye sare. Wengine walikuwa wamekwisha kupigana upande wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri huko Sudan, wakatekwa, wakavalishwa sare mpya, wakageuzwa uso. Vyeo vyao vilikuwa vya Kituruki, urithi wa jeshi la Misri: ombasha ni koplo, shaushi ni sajini, na ofisa ni efendi. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann alikwenda Cairo akaajiri watu wa namna hiyohiyo, kiasi cha 600, akawashusha hapa pwani yetu kumpiga Abushiri. Kambi ya Abushiri ilivunjwa tarehe 8 Mei mwaka huo, si mbali na hapa ninapoandikia, na yeye mwenyewe akanyongwa Pangani mwezi Desemba. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa hao 600. Sifichi wala sijivunii. Alikuja kwa mshahara kupiga watu ambao leo mimi ni jamaa yao, na akaoa humuhumu. Pale Lugalo mwaka 1891, Wahehe walipoliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski, hakuwepo, ndiyo maana mimi nipo.

Walichotuachia watu wale, mbali na sisi wajukuu, ni neno moja. Kila mtoto wa Tanzania anayesimamishwa na trafiki husema "afande". Neno hilo ni efendi, na lilivaa buti Misri kabla ya kufika huku. Kwa hiyo mnapoandika kwamba Macdonald aliongoza "wapiganaji wa jangwani wasio na nidhamu", jueni kwamba mnawasema watu waliotufundisha kuitikia afande. Mstari huo wa makala ndio ulionitoa kwenye kigoda.

Haya, tufike Karari, mahali ambapo vitabu vya Waingereza hupaita Omdurman. Ni tarehe 2 Septemba 1898. Barazani niliwaeleza kwa vizibo vya soda, maana wazee wawili walikuwa katikati ya drafti nikawaharibia mchezo. Mnajua drafti yetu: mmoja anacheza na vizibo vilivyolala chali, mwingine na vilivyolala kifudifudi. Nikachukua vya kifudifudi vinne: batalioni ya 9, ya 10 na ya 11 za Wasudani, na ya 2 ya Wamisri. Jumla watu 3,000 hivi. Hiyo ndiyo brigedi ya Macdonald. Kikombe cha kahawa nikakifanya mji wa Omdurman, ukingo wa mkeka ukawa Mto Nile.

Asubuhi jeshi la Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi, lilikuwa limeshambulia kambi ya Kitchener, mkuu wa jeshi la Waingereza na Wamisri, likafyekwa kwa mizinga na bombomu. Kitchener akadhani kazi imekwisha, akaamuru brigedi zote ziondoke haraka kuelekea mjini kabla Khalifa hajarudi kujifungia humo. Nikasukuma vizibo vingine mbele kuelekea kikombe. Vya Macdonald vikabaki nyuma kabisa, kulia, pekee yao, na pengo la kama maili nzima kati yao na wenzao. Kumbe majeshi mawili makubwa ya Khalifa hayajapigana sawasawa. Moja, lenye bendera nyeusi, limejificha nyuma ya kilima cha Surgham, upande wa magharibi. Jingine, lenye bendera ya kijani, liko kwenye vilima vya Karari, kaskazini. Nikajaza vizibo vya chali pande zote mbili hadi vikaniishia, nikaazima kokwa za tende.

Bendera nyeusi ikatokea kwanza. Husimuliwa kwamba amri ilimfikia Macdonald arudi nyuma, naye akaikataa palepale kwa lugha ya kwao isiyofaa kuandikwa gazetini. Akili yake ilikuwa sahihi: kurudi nyuma mbele ya watu wenye mbio kama wale ni kufa kwa mgongo. Akasimamisha mstari ukiangalia magharibi. Wasudani wake, wakiwaona maadui wanakuja mbio, wakapandwa na mori wakaanza kufyatua ovyo wakati adui bado yuko mbali. Sasa sikilizeni alivyofanya. Akatoka mbele ya mstari wake mwenyewe, mbele ya mitutu, akawa anapita akizipiga bunduki zielekee juu mpaka ufyatuaji ukakoma. Mhariri, mimi nimesimama mbele ya kuruta 120 wenye bunduki zisizo na risasi, na jasho lilinitoka.

Wakatulia. Wakapiga kwa amri. Bunduki zao zilikuwa Martini-Henry, za risasi moja moja: vuta mtambo chini, ganda linaruka, ingiza nyingine, piga, na moshi mzito unakufunga macho. Waingereza weupe siku hiyo walikuwa na bunduki mpya zinazobeba risasi kadhaa kwa pamoja, Wasudani walipewa hizo kuukuu. Bendera nyeusi ikalala mbele yao. Na hapohapo, kabla magharibi hakujaisha vizuri, bendera ya kijani ikashuka kutoka kaskazini, ubavuni.

Hapa ndipo mlipoandika kwamba "kwa kipaji chake jemadari aligeuza vita peke yake". Barazani nikawaambia wajaribu wao. Mzee mmoja akavisukuma vizibo vyote vinne pamoja viangalie kaskazini, nikamwambia tayari umekufa, waliobaki magharibi wamekuingia mgongoni. Mwingine akakigeuza kimoja tu, nikamwambia hicho kimemezwa. Macdonald alikuwa anatoa batalioni moja kutoka mstari wa magharibi, anaihamisha kuanzisha mstari mpya wa kaskazini, wakati zilizobaki zinaendelea kupiga. Kisha nyingine, kisha nyingine, kadiri shambulio la kwanza lilivyopungua nguvu na la pili lilivyokaribia. Kwa kitambo brigedi ilikuwa kama kiwiko kilichokunjwa, inapiga pande mbili kwa pamoja. Mwisho ikawa imegeuka yote, uso kaskazini, na bendera ya kijani ikaikuta imesimama.

Mnajua ni nini kuhamisha watu 700 kwa mstari, katikati ya moshi, risasi zinapita, bila wao kujigonga wala kukimbia? Watoto wetu wa gwaride la Uhuru, uwanja ukiwa umesafishwa na bendi inapiga, wanahitaji wiki nyingi ili kugeuza safu moja isipinde kama mkia wa nyoka. Aliyeko ndani hapigi hatua, anakanyaga palepale. Aliyeko nje anakimbia. Wa katikati ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, maana lazima atazame pande zote mbili na moyo wake usitazame popote. Kitu hicho hakitoki kwenye kipaji cha mtu mmoja asubuhi ya vita. Kinatoka kwenye miaka kumi ya "nyuma geuka" alfajiri. Macdonald alikuwa na Wasudani tangu 1888. Alijifunza Kiarabu chao. Alikuwa nao Toski mwaka 1889 na Tokar mwaka 1891, na kwenye safari nzima ya kupandisha Nile kuanzia 1896. Alipotoa amri, shaushi aliyeipokea alikuwa mtu aliyeisikia mara elfu kutoka koo lilelile. Yule Macdonald wa Uganda alipewa Wasudani waliokwisha kuchakazwa na wengine, na kila mwenye cheo aliwadai safari moja zaidi. Jibu la lile swali langu ndilo hilo.

Shambulio la mwisho lilipovunjika, husemekana kila askari wa brigedi ile alikuwa amebakiwa na risasi mbili kwa wastani. Baada ya mbili ni singe. Brigedi ya Waingereza chini ya Wauchope ilikuwa ndiyo kwanza inafika kusaidia. Upande wa Kitchener walikufa watu 48 siku nzima. Upande wa Khalifa zaidi ya 10,000.

Na katika hao wa Khalifa, wenye bunduki wengi walikuwa watu wa kusini vilevile, ndugu za hawa wa batalioni ya 9, ya 10 na ya 11. Nilipofika hapo mzee mwenye drafti akaokota kizibo cha chali akakilaza kifudifudi, akanitazama, hakusema neno.

Kitchener akapewa ulodi na pauni 30,000. Macdonald akapewa shukrani za Bunge na cheo cha msaidizi wa heshima wa Malkia Victoria. Usir ulingoja vita vingine. Kule kwao Scotland walinung'unika sana, wakamwimba na kumwita Mac mpiganaji. Shaushi na ombasha wa batalioni ya 11 sijaona popote walipoimbwa.

Vita vya Makaburu nitavipita haraka kama ninyi mlivyovipita. Alipelekwa kuichukua brigedi ya Nyanda za Juu za Scotland baada ya kuvunjwa moyo Magersfontein, Desemba 1899, alipouawa Wauchope, yuleyule wa Karari. Akaisimamisha tena, kwa kwata bila shaka. Februari 1900 akapigwa risasi ya mguu Paardeberg. Baadaye akapelekwa India, kisha mwaka 1902 akawa mkuu wa majeshi Ceylon, Sri Lanka ya leo.

Robo tatu ya makala yenu, Mhariri, ni juu ya kifo chake, na hapo wazee walinuna. Ni kweli kwamba mwaka 1903 alituhumiwa huko Ceylon kwa mambo ya faragha na vijana wa kiume, akaenda London, akaamriwa arudi akakabili mahakama ya kijeshi. Akiwa njiani, Paris, katika Hotel Regina, asubuhi ya tarehe 25 Machi, baada ya gazeti kuitoa habari hiyo, akajipiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 50. Ndipo jeshi lilipojua kwamba alikuwa na mke, waliyeoana kwa siri mwaka 1884, na mtoto mmoja wa kiume. Mahakama ile haikukaa. Hakuna shahidi aliyesikilizwa mbele yake, naye hakujibu. Nyinyi mmeandika kama watu mliokuwepo chumbani. Mtu akifa kabla ya kesi, sisi hatuna hukumu ya kusoma, na gazeti ndilo lililokuwa mkononi mwake siku ile. Ningetegemea waandishi mlitazame hilo kwa uangalifu kidogo.

Alizikwa Edinburgh, makaburi ya Dean, saa kumi na mbili alfajiri, makusudi ili watu wasijue. Walipojua, walikwenda kwa maelfu, Jumapili baada ya Jumapili. Mwaka 1907 wakamjengea mnara wa mawe Dingwall, mji uleule alikojifunza kukunja vitambaa.

Jambo dogo la mwisho, maana liliwachekesha sana barazani. Kuna kahawa ya Kiskoti ya kioevu, ya chupa, iliyochanganywa na mizizi ya chikori, inaitwa Camp Coffee. (Muuza kahawa wetu aliposikia "chikori" aliomba tubadili mazungumzo.) Kwenye lebo yake ameketi askari wa Gordon Highlanders mbele ya hema, na wengi husema mfano wake ni Hector Macdonald. Pembeni yake, zamani, alisimama Kalasinga ameshika sinia, anamhudumia. Baadaye sinia likaondolewa, Kalasinga akabaki amesimama mikono mitupu. Siku hizi wamemchora ameketi naye, kila mmoja na kikombe chake. Imewachukua zaidi ya miaka mia moja kumpa kiti.

Ombi letu ni dogo. Sahihisheni kwamba aliyepima reli ni James, aliyegeuza mstari ni Hector. Na chini ya jina la Hector ongezeni mstari mmoja: batalioni ya 9, ya 10 na ya 11 za Wasudani, na ya 2 ya Wamisri. Nafasi ya gazeti ni fedha, lakini nimehesabu, ni maneno kumi na matano tu.

Mwenye drafti naye amenituma: kizibo chake kimoja hakijaonekana tangu Jumapili, na mchezo hauwezi kuendelea. Ananidai mimi. Nadhani kimebaki upande wa kaskazini, chini ya mkeka.

Wako,
Sajini mstaafu, kitukuu wa ombasha,
Bagamoyo